Shujaa aliyebadilisha majani usiku

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Goma, kartiye ya Ndosho. Duara letu la kusoma limemaliza juzuu ya kwanza ya riwaya moja ya fantasia iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Shujaa wake wote wanampenda, mimi namchukia. Mwindaji mmoja mwanamke anayesafiri naye anapata mimba yake. Bibi wa mlimani anampa majani ya kuitoa, naye ameshaamua kuyanywa. Usiku, shujaa anayatupa na kuweka majani ya kawaida mahali pake, kwa sababu kuna utabiri kwamba mtoto huyo ndiye atafunga mlango wa wafu. Mtoto anazaliwa, mlango unafungwa, mama anakufa, watu wanaimba jina la baba. Hapo niliruka sura kadhaa. Niliposema simtaki tena mtu huyo, wenzangu walijibu kwamba naleta siasa kwenye hadithi. Labda ni kweli. Wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye mkutano juu ya Protokali ya Maputo, mkataba wa nchi za Afrika juu ya haki za wanawake, katika sala ya parokia. Wazee watatu walisema juu ya matumbo yetu saa nzima, na sisi wanawake tukapewa neno la shukrani mwishoni. Mmoja alisema sheria ya Congo inakataza na mila inakataza, basi. Je, hasira yangu inaniharibia usomaji? Na kitabu hiki niwape wanafunzi wangu?

Jibu: Mwalimu, nianze na wenzako. Wanasema unaleta siasa kwenye hadithi, kumbe hadithi yenyewe ndiyo iliyoleta mimba, majani, utabiri na ufalme. Wewe umevikuta humo. Ila barua yako ina mashtaka matatu: moja juu ya shujaa, moja juu ya mwandishi (pembeni umeandika kwamba "anachukia wanawake"), na moja juu ya wazee wa mkutano. Ushahidi wa shtaka moja hautoshi kwa jingine. La mwandishi nalipita haraka, maana sioni ulikolitoa. Mtu anaweza kuandika muuaji bila kupenda mauaji, na anaweza pia kuandika vibaya kwa uvivu tu, bila chuki yoyote. Kwa yale uliyonisimulia, mimi naona uvivu.

Kumchukia shujaa ni jambo la zamani huku kwetu. Sisi watu wa Goma tunaijua Walikale kwa habari za madini na za watu waliokimbia vijiji vyao. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1956, katika nchi hiyo ya Wanyanga, msimulizi Rureke aliimba na kuigiza utenzi mzima wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga, kwa siku nyingi mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, na kwamba Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, waliuchapisha mwaka 1969. Nimefundisha fasihi simulizi muda mrefu na bado sijapata darasa ambalo lote linampenda Mwindo. Anazaliwa akitembea na kusema, usinga mkononi, na tangu saa hiyo ni majivuno juu ya majivuno. Anaita radi ishuke juu ya kijiji cha baba yake, watu wanateketea, halafu baadaye anawafufua kwa usinga uleule kama mtu anayerudisha deni. Anamwua joka Kirimu, bila kujali kwamba Kirimu ni rafiki wa Nkuba, yaani Radi mwenyewe aliyekuwa akimsaidia.

Hapo ndipo utenzi unapomshika. Nkuba anamchukua juu, na huko baridi, mvua na jua vinamfanyia kazi mpaka majivuno yanamwisha. Anarudi duniani amekatazwa kuua wanyama wa msituni. Kwa hiyo msikilizaji aliyemchukia Mwindo katikati ya masimulizi hakukosea njia. Msimulizi alikuwa amemtangulia na anamngoja palepale. Utenzi unajua mtu wake amefanya nini.

Swali la kukiuliza kitabu chenu ni hilo tu. Kama shujaa anapendeza au hapendezi, hiyo ni shauri ya kila msomaji na tabia yake. Kama kitabu kinajua alichokifanya, hilo linaweza kuonyeshwa kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na hata anayempenda shujaa atalazimika kutazama.

Wewe umeshaanza kuonyesha bila kujua. Umeniandikia kwamba ulichukua bic nyekundu ukapiga mstari chini ya kila sentensi anayoitamka yule mwindaji baada ya usiku wa majani, ukapata tano, na mbili kati ya hizo anaomba maji. Sentensi hizo tano zina nguvu kuliko hotuba yoyote ungeitoa kwenye duara. Kabla ya usiku ule, kwa maelezo yako, alikuwa anabishana, anachagua njia, anamcheka shujaa anapokosa shabaha. Baada ya pale amekuwa tumbo linalotembea. Mapigano ya mlangoni yana sura tatu, kifo chake nusu ukurasa. Tena hatuingii kichwani mwake hata mara moja. Tunakaa begani kwa shujaa toka mwanzo mpaka mwisho, tunaona anachoona yeye, na yeye akigeuza uso na sisi tunageuza.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni mazungumzo ambayo hayamo. Walikuwa njiani pamoja siku kadhaa, moto mmoja, chakula kimoja. Shujaa alikuwa na nafasi ya kumwambia mwindaji: nimeambiwa hivi na hivi juu ya mtoto huyu, wewe unasemaje? Mwandishi hakuyaandika mazungumzo hayo hata kwa mistari mitatu, na sababu yake ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya kisiasa. Mwindaji akiulizwa, anaweza kukataa. Akikataa, mlango haufungwi na juzuu ya pili haipo. Mwandishi alihitaji mtoto, na njia fupi ilikuwa kupita juu ya mama yake akiwa amelala.

Utabiri ndio unaoirahisisha njia hiyo. Katika riwaya za aina hii utabiri una faida kubwa kwa fundi mvivu: unamwezesha mtu kuamua jambo bila kuonekana ameamua. Muulize shujaa wenu kwa nini alibadilisha majani. Atajibu kwamba ilikuwa imeandikwa. Na nani? Kitabu hakisemi. Amri isiyo na mwenyewe huwezi kuipeleka kwenye baraza lolote, maana hakuna wa kuitwa kujibu. Nadhani hicho ndicho kilichokukasirisha, zaidi ya shujaa mwenyewe na sura yake nzuri.

Sasa msogeze Shemwindo karibu na huyo. Shemwindo ni baba yake Mwindo, mtawala wa Tubondo, mwenye wake saba. Utenzi unaanza na amri yake juu ya uzazi wao: wote wazae wasichana, na atakayezaliwa mvulana atauawa. Wasichana wanaleta mahari, mvulana analeta mrithi, na Shemwindo hataki mrithi. Ni siasa ya uzazi kama zilivyo zote. Ila angalia anavyoitangaza: anaita washauri na wakubwa wa kijiji, anasema kwa mdomo wake, mchana, kila mtu anasikia. Wake sita wanazaa wasichana. Wa saba, Nyamwindo, mimba yake inakawia mpaka watu wanashangaa, kisha anazaliwa mvulana. Wakunga wanajaribu kuficha habari, na kidudu kimoja, nyenje, kinaenda kumwambia baba. (Darasani kwangu nyenje huyo huchukiwa kuliko Shemwindo.) Baba anajaribu mkuki, anajaribu kumzika mtoto, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Yote hayafai.

Kwa kuwa amri ilitoka mdomoni mwa mtu mbele ya baraza, inaweza kurudishwa kwa mtu huyohuyo mbele ya baraza. Mwishoni watu wa Tubondo wanakusanyika, na Iyangura, dada yake Shemwindo, shangazi wa Mwindo, anaketi kwenye kiti pamoja na kaka yake na mtoto. Anasema. Anamwambia kaka yake wazi kwamba alitenda vibaya kuwagawa watoto, hawa wazuri hawa wabaya, hali hakujua ndani ya tumbo la mke wake mna nini. Alichopewa na Mungu alikiona kibaya. Washauri waliokaa kimya siku ya amri, nao wanapata sehemu yao. Ni mwanamke anayesema hayo, mbele ya wanaume wa kijiji, na msimulizi anampa muda wake.

Sitaki kuupamba utenzi huo kupita kiasi. Nyamwindo, aliyebeba mimba yenyewe, baada ya kuzaa karibu hatumsikii tena. Rureke alimpa kiti shangazi, hakumpa mama. Wanafunzi wa kike huliona hilo kabla sijalitaja, na wana haki.

Kijana wa duara lenu alikujibu kwa hesabu: maisha ya mtu mmoja upande huu, ya maelfu upande ule. Usimdharau, ni hoja ya kweli na watu wenye akili wanaishika. Lakini mwambie atazame nani aliyeandika hesabu hiyo. Shujaa ana hakika ambayo hakuna binadamu amewahi kuwa nayo: anajua, kwa uchawi, kwamba mtoto huyu na si mwingine atawaokoa wote. Mwandishi amempa hakika hiyo bure. Toa utabiri, umebaki na mwanamume anayebadilisha dawa ya mwanamke gizani kwa sababu ana wazo. Huku nje ya kitabu hakuna mwenye utabiri. Anayesema "kwa ajili ya taifa" au "kwa ajili ya ukoo" anakisia kama sisi wengine, na anayekisia juu ya mwili wa mwingine alau amuulize.

Ndiyo maana mkutano wako na kitabu chako vimegongana kichwani mwako wiki moja. Mzee aliposema "mila inakataza", alifanya kazi ileile ya utabiri: jambo limekatazwa na hakuna aliyelikataza. Nitakupa yaliyomo kwenye maandishi, kwa kuwa ni ya hadharani na kila raia anaweza kuyasoma. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Ukiwa na kesi ya mtu halisi mpeleke kwa avoka au kwa daktari, si kwangu.

Katazo analolisema lina mwenyewe, na lina tarehe. Ni vifungu vya 165 na 166 vya sheria ya adhabu, iliyowekwa kwa amri ya kikoloni ya tarehe 30 Januari 1940. Anayemtoa mwanamke mimba, kifungo cha miaka 5 hadi 15. Mwanamke anayejitoa mwenyewe, miaka 5 hadi 10. Hakuna mama wa Walikale wala wa Masisi aliyeulizwa mwaka huo. Hata wanawake wa Ubelgiji kwao walikuwa hawajapata kura ya bunge. Waliipata mwaka 1948. Ukiona mzee anailinda karatasi hiyo kwa jina la mababu, mwulize mababu wa nani.

Maputo nayo ina wenyewe. Ilipitishwa na wakuu wa nchi za Afrika mjini Maputo mwezi Julai 2003, ikaanza kufanya kazi mwaka 2005. Congo iliiridhia, kisha ikaichapisha kwenye gazeti rasmi la serikali tarehe 14 Machi 2018. Kifungu cha 14 kinasema mwanamke ana haki ya kuamua kuzaa au kutozaa, watoto wangapi, kwa nafasi gani, na kuchagua njia ya kupanga uzazi. Kinazitaka serikali ziruhusu kutoa mimba kwa njia ya kitabibu pale mwanamke aliposhambuliwa kingono, alipobakwa, mimba inapotokana na ndugu wa damu, au pale mimba inapohatarisha afya yake ya mwili au ya akili, au uhai wake au wa mtoto aliye tumboni. Ni mkataba wa kwanza wa haki za binadamu duniani kulitaja jambo hilo waziwazi, kwa hiyo wanaosema tumeiga Wazungu watafute Wazungu gani.

Na Katiba ya 2006, kifungu cha 215, inasema mkataba uliofungwa kihalali, ukishachapishwa, una nguvu kuliko sheria za kawaida. Aprili 2018 Baraza Kuu la Mahakama liliwaandikia waraka majaji na waendesha mashtaka juu ya kutekeleza kifungu hicho cha 14. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo kwa watoa huduma. Kuna pia sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018, ambayo haitajwi sana kwenye mikutano: mume na mke wakitofautiana juu ya njia ya kupanga uzazi, nia ya yule ambaye mwili wake unahusika ndiyo inayotangulia.

Kwa hiyo "sheria ya Congo inakataza, basi" si kweli. Na wale wa upande wako wanaosema Maputo imeruhusu kila kitu, nao hawajaisoma. Masharti yamo, nimekutajia. Tatizo ni kwamba vile vifungu vya 1940 vilibaki kwenye kitabu pasipo kuguswa, na muuguzi au polisi anayefungua kitabu anakutana navyo kwanza. Ukisikia muuguzi anaogopa, mara nyingi anaogopa kifungo. Hilo linarekebishwa bungeni. Hasira yako ipeleke huko, sio kwa muuguzi.

Neno moja la haki kwa wazee wako. Kati yao kuna wanaokataa kwa imani, wakasema: mimi ninaamini uhai ni wa Mungu tangu mwanzo, ndiyo maana napinga. Mtu huyo simkubali katika yote, lakini namheshimu, maana amri yake ina jina na unaweza kumjibu. Ninayemkataa ni yule anayejificha nyuma ya "imekatazwa". Na sisi tuwe waangalifu na kosa hilohilo. Kusema "Maputo imesema" kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni ni utabiri mwingine. Simama useme: nchi zilikubaliana, ya kwetu ikaridhia, na mimi naiunga mkono kwa sababu hizi. Halafu subiri wakujibu. Ukikosa kipaza sauti, kiombe kabla ya mkutano, kwa maandishi, kwa wanaopanga ratiba; anayeingia akitegemea kupewa nafasi huishia kwenye neno la shukrani.

Turudi kwenye duara. Usitoke. Siku ya kikao usianze na Maputo, wala usitaje neno siasa. Omba usomewe kwa sauti ule nusu ukurasa wa kifo, kisha uliza jambo moja: katika kitabu hiki chote, nani anajua habari ya majani? Kwa uliyonieleza, ni shujaa peke yake. Hajamwambia rafiki, hajatubu popote, haoti. Wakitafuta jibu na wakalikosa, wamefika ulipo wewe bila kuvutwa.

Ila kwanza rudi ukasome sura ulizoruka. Hilo silifumbii jicho. Huwezi kukihukumu kitabu kwa ukimya wake na hujakisikiliza mpaka mwisho. Na muulize aliyeanza juzuu ya pili kama majani yanarudi. Inawezekana binti anakua, anamkuta bibi wa mlimani, anaambiwa. Kama ni hivyo, mwandishi alikuwa anangoja kama Nkuba alivyongoja, na hukumu yangu ya uvivu naifuta. Kama juzuu ya pili inaendelea na nyimbo tu, basi bic yako ilisema kweli.

Wanafunzi: wa darasa la mwisho la humanités, ndiyo. Wa chini ya hapo, bado. Usiwape kitabu peke yake. Wape kwanza foto-kopi ya maneno ya Iyangura mbele ya baraza la Tubondo. Tafsiri iliyomo kwenye toleo la 1969 ni ya Kiingereza, kwa hiyo utawatafsiria mwenyewe, kurasa mbili zinatosha. Kisha kazi ya nyumbani, wavulana na wasichana sawa: wauandike upya usiku wa majani, mwindaji akiwa macho. Baadhi watamfanya akubali kuzaa, kwa sababu zake. Usiwapunguzie alama kwa hilo.